Bunduki kwa Ajili ya Mche

Mche wa msonobari uliojificha ndani ya vichaka vya hetha, kwenye Nyanda za Juu za Uskoti, unaweza kuwa na umri wa miaka 20 na bado usifike gotini mwa mtu. Umri wake husomeka. Kila mwaka msonobari huota duara moja la matawi, na anayejua huhesabu maduara hayo kutoka chini hadi juu. Kwenye mche ulioliwa, hesabu huvurugika: ncha ya juu ilitafunwa mwaka huu, na mwaka jana, na mwaka juzi, na tawi la pembeni lililojaribu kushika nafasi yake likatafunwa nalo. Shina limenenepa bila kurefuka. Mizizi iko hai na majani ni ya kijani, ila mti umenyimwa ruhusa ya kusimama.

Aliyeula huacha saini. Ayala hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Huibana ncha kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, kisha huivuta, na mahali palipokatika hubaki pamechanika, na nyuzi zinaning'inia. Sungura ana meno makali juu na chini, naye huacha mkato safi wa mshazari. Panya wa porini hawagusi ncha. Wao huchuna gome karibu na ardhi. Wakati baridi inaelekea kwisha, kabla machipukizi mapya hayajatoka, wapo watu wanaopita bondeni kwa mistari iliyopangwa, wakipiga magoti kila baada ya hatua kadhaa na kukagua ncha moja moja: hii imepona, hii imechanika, hii imekatwa na sungura, hii imechanika. Wengi wao kazi yao ni kuwinda. Hilo ndilo lililonifanya niiheshimu kazi yao kuliko nilivyotarajia. Mwenye bunduki anauanza mwaka wake kwa kuinamia mche, na humo ndimo anamopata jibu la swali la ni wanyama wangapi atawaua.

Ayala mwekundu ni mnyama mkubwa, mrefu kuliko kulungu wa misitu yetu. Dume huota pembe zenye matawi, ambazo hudondoka kila mwaka na kuota upya. Kwa asili ni mnyama wa msituni. Misitu ya Uskoti ilipokatwa, akazoea kuishi kwenye vilima vitupu vyenye upepo na mvua, na mwili wake ukawa mdogo kuliko wa ndugu zake wanaoishi bado chini ya miti. Hana kosa lolote. Anakula anachokikuta, na wakati wa theluji hushuka kutoka vileleni hadi mabondeni kutafuta kinga, palepale ambapo misonobari mizee imedondosha mbegu zake.

Misonobari hiyo mizee imebaki michache mno. Misitu ya asili ya misonobari iliyoorodheshwa rasmi Uskoti ni vipande 84, na jumla yake ni kama hekta 18,000, mabaki ya msitu uliowahi kufunika sehemu kubwa ya Nyanda za Juu. Mwaka 1959 wanasayansi Steven na Carlisle walichapisha kitabu kuhusu misitu hiyo, wakieleza kipande kimoja baada ya kingine. Walichokiona mahali pengi ni miti mikubwa ya miaka 150, 200, hata 300, na chini yake hakuna mrithi. Mbegu zilikuwa zinaanguka kila majira ya kuchipua. Miche ilikuwa inaota. Ila hakuna mche uliovuka urefu wa hetha.

Sababu zake ni za muda mrefu. Shoka na moto vilianza zamani sana. Mbwa mwitu wa mwisho wa Uskoti waliuawa kati ya karne ya 17 na ya 18, na simba mangu wa huko alikuwa ametoweka mapema zaidi, hivyo ayala hakubakiwa na wa kumwogopa isipokuwa mtu. Kondoo wakajazwa vilimani. Kisha katika karne ya 19 matajiri wa Uingereza wakaipenda Uskoti kama uwanja wa kuwinda. Mwaka 1852 milki ya Balmoral ilinunuliwa kwa ajili ya familia ya Malkia Victoria, na kila mwenye fedha akataka bonde lake. Thamani ya milki ikaanza kupimwa kwa idadi ya madume yanayoweza kupigwa kwa mwaka, kwa hiyo ilikuwa faida kuwa na wanyama wengi iwezekanavyo. Mchoraji Edwin Landseer alizoea kufika kwenye bonde la Glen Feshie, na picha yake ya mwaka 1851, "The Monarch of the Glen", inamwonyesha dume la fahari likiwa mbele ya milima isiyo na mti. Ni picha iliyochorwa kwa ustadi mkubwa. Naamini pia imewafundisha vizazi vingi kudhani kwamba mlima mtupu ndiyo sura halisi ya nchi ile, na kwamba ayala na utupu huo vimeumbwa pamoja.

Katika miaka ya 1930 Frank Fraser Darling alikwenda kuishi karibu na mlima An Teallach ili kuwatazama ayala. Hakwenda kuwapiga. Wakati mwingine aliwafuata bila viatu, apate kuihisi ardhi na kupunguza kelele. Kitabu chake cha mwaka 1937, "A Herd of Red Deer", kilieleza jambo ambalo wanyatiaji wazoefu, wawindaji wanaowanyemelea ayala, walikuwa wakilijua bila kuliandika: jamii ya ayala inaongozwa na majike. Madume huzurura, hutengana, hurudi kwa majike wakati wa kupandana mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kisha huondoka. Majike hukaa kwenye ardhi walikozaliwa, mama na binti na mjukuu, na kundi humfuata jike mzee anayejua njia, kinga na hatari. Mwenye kutaka kubadilisha hali ya bonde lazima ajue habari za akina mama hao.

Hapa ndipo uwindaji wa sifa na uwindaji wa msitu vinapoachana. Mgeni anayelipa hutaka dume lenye pembe, na hulitaka Septemba, jua likiwa bado lipo. Lakini dume moja hupanda majike wengi. Ukiua madume 10, mwaka ujao ndama watazaliwa karibu idadi ileile. Idadi ya ayala huamuliwa na majike. Msimu wa majike kisheria unaanza tarehe 21 Oktoba na kuishia tarehe 15 Februari, miezi ambayo Nyanda za Juu huwa na mvua ya barafu, upepo wa kukata masikio, na siku ambazo mwezi wa Desemba hazifikii saa 7 za mwanga. Hakuna pembe ya kutundika ukutani. Hakuna mgeni wa kupiga naye picha. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na hufanywa na watu wachache ambao majina yao hayaandikwi popote.

Kabla ya kupanda mlima, mnyatiaji hupiga hesabu. Tuchukue mfano wa bonde lenye majike 100. Tuseme mwishoni mwa baridi kuna ndama 40 waliookoka, nusu yao majike. Basi kuna majike wapya 20. Wachache watakufa wenyewe kwa uzee na njaa. Waliobaki wote lazima wapigwe, kama 17 au 18, ili tu idadi ibaki ilivyokuwa. Anayepiga 10 na kurudi nyumbani ameridhika amefanya kazi ngumu, ametoa jasho na nyama, na ayala wameongezeka. Anayepiga 18 amesimama palepale. Msitu huanza kupata nafuu kuanzia wa 19, na nafuu hiyo lazima irudiwe mwaka baada ya mwaka bila kulegea, kwa sababu msimu mmoja wa uvivu hufuta kazi ya misimu kadhaa.

Hesabu hiyo inahitaji idadi ya kuanzia, na kuwahesabu wanyama wanaojificha ni elimu nyingine. Helikopta hupita juu ya theluji na kupiga picha, kisha wanyama huhesabiwa kwenye picha. Siku hizi ndege zisizo na rubani zenye kamera za kuona joto la mwili hufanya kazi usiku. Ndani ya miti, ambako helikopta haioni kitu, watu huhesabu vinyesi kwenye viwanja vidogo vilivyopimwa, kwa kuwa kasi ya ayala kunya na kasi ya kinyesi kuoza hujulikana kwa makadirio. Hata hivyo nimeona kwamba wanyatiaji walio bora hawaitegemei idadi peke yake. Wao huuliza mche. Kama ncha zinaendelea kuchanika, wanyama bado ni wengi, hata jedwali likisema wamepungua. Kama mirowani, miti inayopendwa na ayala kuliko karibu miti yote, imeanza kuchomoza juu ya hetha, basi kazi inakwenda vizuri. Kila mmea una nafasi yake katika usomaji huo: mirowani na mierebi hutangulia kuliwa, msonobari hufuata, na mibetula yenye gome jeupe hustahimili zaidi. Ukijua kinacholiwa kwanza, unajua njaa ya bonde zima.

Siku ya kuwinda huamuliwa na upepo. Ayala huona vizuri na husikia vizuri, lakini pua ndiyo mlinzi wake asiyelala. Mnyatiaji husimama bondeni alfajiri, darubini mkononi, akitazama mteremko kwa muda mrefu. Anatafuta sikio, mgongo, mstari uliolala ambao hauendani na mawe. Akishawaona majike, hawafuati. Anauliza kwanza hewa inatoka wapi, na itakuwa inatoka wapi baada ya muda wa saa 2, jua likigusa upande ule wa mlima na hewa ya chini ikaanza kupanda. Upepo wa bondeni haunyooki. Hugonga jabali ukarudi nyuma, huzunguka ndani ya korongo ukageuka. Mtu anayelijua bonde lake anajua ni korongo lipi humsaliti kila mara upepo unapotoka kaskazini. Elimu hiyo haiandikiki. Inapatikana kwa kukosa wanyama wengi, na kwa kutembea na mzee aliyekosa kabla yako.

Kwa hiyo huzunguka, pengine kilomita kadhaa, ili aishie mita 150 tu kutoka pale alipokuwa akipatazama. Mwisho wa safari hiyo haendi tena kwa miguu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mnyatiaji hujiinamisha hadi tumbo likagusa maji ya kinamasi. Hutambaa akivuta bunduki iliyo ndani ya mfuko wake, husimama jike mzee anapoinua kichwa, hungoja mpaka ateremshe. Kungoja huko kunaweza kuchukua nusu saa ndani ya tope la baridi. Jike mzee akiwa na shaka, hubweka kama mtu anayekohoa kwa hasira, na kundi lote huondoka. Hapo kazi ya siku nzima imekwisha, na mwanga wa Desemba hauruhusi jaribio la pili.

Risasi ndiyo sehemu fupi kuliko zote, na ndiyo yenye masharti makali kuliko zote. Lazima nyuma ya mnyama kuwe na udongo, ili risasi ikipita isiende mbali. Mnyama awe amesimama ubavu. Sehemu inayolengwa ni nyuma ya bega, chini kidogo ya katikati ya kifua, palipo na moyo na mapafu. Mnyatiaji akiwa na shaka na lolote katika hayo, hapigi. Wanyatiaji wanaoheshimiwa huheshimiwa kwa risasi walizozizuia. Baada ya kupiga hatimui mbio. Hubaki amelala, hutazama mnyama alivyoupokea mshindo, husubiri. Jike aliyeongozana na ndama huwindwa pamoja na ndama wake, kwa maana ndama aliyebaki peke yake mwezi wa Desemba atakonda na kufa taratibu. Hili ni zito kulisoma, na ni zito zaidi kulifanya. Sijui njia ya kulifanya liwe jepesi, wala sidhani lifanywe jepesi. Mtu anayelifanya kwa uangalifu, mwaka baada ya mwaka, bila kuligeuza mchezo na bila kulikimbia, nampa heshima yangu.

Kisha kisu. Matumbo hutolewa palepale mlimani, nyama isiharibike, na mikono inayotoa inakagua pia: tezi za shingoni na za utumbo, ini, mapafu, dalili zozote za kifua kikuu au minyoo ya ini. Taarifa hizo huandikwa na kuambatana na nyama hadi kwa mnunuzi. Matumbo yakiachwa, tai wa dhahabu na kunguru huyamaliza, ndiyo maana wengi wameacha risasi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi na kutumia za shaba, ili vipande vya sumu visiingie matumboni mwa tai. Mnyama huburutwa chini, au hubebwa na farasi mfupi wa milimani, au na gari dogo la magurudumu mengi linaloweza kupita kinamasi. Usiku, kwenye chumba cha baridi, nyama hushushwa hadi nyuzi 7 za Selsiasi au chini yake. Mnyatiaji huoga, huandika idadi, uzito, umri unaosomwa kwenye meno ya taya, kama jike alikuwa na maziwa. Kumbukumbu hizo za jioni ndizo zitakazotumika kupanga msimu ujao.

Mfano wa kwanza ambao wengi huutaja ni Creag Meagaidh, mlima ulio juu ya Loch Laggan. Katika miaka ya 1980 kampuni ya misitu ilitaka kupanda huko misprusi ya kigeni ya mbao. Mwaka 1985 Nature Conservancy Council, taasisi ya serikali ya uhifadhi, ikainunua ardhi hiyo, karibu hekta 4,000, na mwaka uliofuata ikawa hifadhi ya taifa ya mazingira asilia. Kondoo waliondolewa. Uamuzi mkubwa ukawa kutojenga uzio wa kuwazuia ayala: wangepunguzwa kwa kupigwa na kwa kukamatwa wakiwa hai, hadi mimea iweze kujitetea yenyewe. Dick Balharry, mmoja wa watu mashuhuri wa uhifadhi Uskoti, alikuwa mbele katika kazi hiyo. Majirani walihofu kwamba ayala wao wote wangemiminika huko na kuuawa. Leo anayepanda njia ya kuelekea Coire Ardair hupita ndani ya msitu wa mibetula uliojiotea wenyewe, mahali palipokuwa na majani mafupi na mashina machache ya zamani.

Kwa nini wasijenge uzio tu? Swali hilo ni la haki, na uzio umetumika sana. Lakini uzio una gharama zisizoonekana kwenye risiti. Kapakeili, ndege mkubwa wa misonobari ambaye Uskoti imebakiwa na wachache sana, huruka chini na kwa nguvu, hugonga waya na kufa. Ndani ya uzio, pasipo hata kwato moja, miche huota kwa msongamano na majani ya chini hufunga ardhi. Nje ya uzio, wanyama walewale hubanana kwenye eneo dogo zaidi na kuliharibu. Na uzio huchakaa. Baada ya miaka kadhaa mti ulioanguka au theluji nzito hufungua pengo, na ayala huingia. Mnyatiaji anaweza kubadilisha kazi yake kila mwaka kufuatana na anachokisoma, jambo ambalo waya hauwezi.

Glen Feshie ni kisa kigumu zaidi, na sipendi kinaposimuliwa kama hadithi tamu. Ndani ya bonde hilo kuna baadhi ya misonobari mizuri kuliko yote ya Uskoti, na kwa miaka mingi ilikuwa inazeeka bila watoto. Mwaka 2004 tume ya serikali ya ayala iliendesha upunguzaji wa haraka, na helikopta zikatumika. Watu wa eneo hilo walikasirika, wakiwemo wawindaji wa kazi, ambao waliona ujuzi wao unatupwa kando na wanyama waliowatunza wanaondolewa kwa wingi. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Kwa familia nyingi za mabonde hayo, ayala ni ajira, nyumba ya kuishi na heshima ya ukoo, na mtu aliyefundishwa na baba yake kwamba kazi nzuri ni bonde lililojaa wanyama haambiwi kinyume chake kwa siku moja. Mwaka 2006 milki hiyo ilinunuliwa na Mdenmaki Anders Holch Povlsen, na upunguzaji ukaendelea, ukisimamiwa na Thomas MacDonell, hadi ayala wakawa wachache sana kwa kila kilomita ya mraba. Miche iliyokuwa imekaa ndani ya hetha kwa miongo ikaanza kurefuka. Mingine haikuwa mipya kabisa. Ilikuwa ileile ya zamani, yenye mashina manene na mizizi iliyokomaa, iliyopata kwa mara ya kwanza mwaka ambao ncha yake haikuliwa.

Anayejua Tanzania atakumbuka kwamba jambo hili si geni kwetu. Kwenye Hifadhi ya Ziwa Manyara watafiti waligundua kwamba migunga ya eneo moja ilikuwa na umri unaolingana, kana kwamba yote ilipandwa siku moja. Rika moja lilianza mwaka 1961, wakati kimeta kilipowaua swala pala. Rika la zamani zaidi lilianza mwishoni mwa karne ya 19, sotoka ilipofagia wanyama wa Afrika Mashariki. Swala pala hula miche ya mgunga vilevile ayala anavyokula miche ya msonobari, na mti huota katika dirisha fupi ambalo wanyama wamepungua. Tofauti ni kwamba Manyara ina chui na simba, na magonjwa yalifungua dirisha hilo bila kuombwa. Uskoti mtu amewaondoa wawindaji wengine wote, kwa hiyo kazi yao imemwangukia yeye, na lazima aifanye kwa makusudi.

Kazi inapofanikiwa huwa ngumu zaidi. Ayala wachache hupata chakula kingi, majike hunenepa, huzaa mapema na ndama wengi huokoka, kwa hiyo kundi dogo huongezeka kwa kasi kuliko lilivyoongezeka lilipokuwa kubwa. Waliobaki ni wajanja, maana wasio wajanja wamekwisha. Na miche iliyookolewa ndiyo inayowaficha: mahali ambapo mnyatiaji aliona mteremko wote kwa darubini, sasa pana kichaka cha misonobari ya mita 2 ambamo jike hutokeza kwa sekunde chache na kupotea. Kunyatia mlimani hugeuka kuwa kukaa msituni na kusubiri kimya alfajiri na jioni. Vijana wanaoingia kazini leo lazima wajue yote mawili.

Serikali imeanza kuiangalia kazi hii kwa uzito mpya. Makadirio yake ni kwamba ayala wa spishi zote 4 waliopo Uskoti, wa asili na walioletwa, wameongezeka kutoka kama 500,000 mwaka 1990 hadi kufikia milioni 1. Jopo la wataalamu ambalo ripoti yake ilichapishwa mwaka 2020 lilipendekeza mabadiliko mengi ya sheria, na mwaka 2023 msimu wa kuzuia kupiga madume uliondolewa. Sheria zinasaidia, lakini sheria haijui upepo wa korongo. Naona fedha zingepaswa kwenda kwanza kwa watu: mishahara ya wanyatiaji wa majira ya baridi, vyumba vya baridi karibu na vijiji, na njia ya kuifikisha nyama hiyo kwenye meza za shule na hospitali za Uskoti badala ya kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwenye milima ya Cairngorms, mashirika 4 ambayo ardhi zao zinapakana, mmiliki wa Glen Feshie akiwemo, yameungana kuitunza ardhi ya kilomita za mraba 600 kwa mpango wa miaka 200. Miaka hiyo inalingana na umri wa msonobari ulio katikati ya maisha yake. Anayepiga majike huko msimu huu hataona kivuli cha mche anaoutetea, na pengine mwanafunzi wake hataona. Lakini baadhi ya maamuzi yanakuja mapema zaidi. Miche ikishapita urefu ambao mdomo wa ayala unaweza kufika, hata akisimama juu ya theluji, bonde litahitaji wanyama kadhaa warudi, kwa sababu kwato hufukua ardhi ambamo mbegu hupata udongo mtupu wa kuotea, na meno huzuia majani ya chini yasifunge kila kitu. Wangapi, na waanze kuachwa mwaka gani, na katika bonde lipi kwanza, ni maswali ambayo wanyatiaji wameanza kubishana juu yake tayari, na bado hawajakubaliana.